Mtoto Akiandikiwa CT Skani: Maswali ya Wazazi Kuhusu Mionzi

Mwanangu ameanguka, na daktari anataka apigwe CT skani ya kichwa. Nikubali?

Kama daktari anashuku damu inavuja ndani ya fuvu, kubali, tena haraka. Damu hiyo inaweza kumuua mtoto ndani ya saa chache, ilhali madhara ya mionzi, kama yatatokea, huja baada ya miaka. Nalitanguliza hili kwa sababu mzazi akishasikia neno mionzi anaweza kukataa kipimo ambacho kingemwokoa mwanawe.

Mionzi yenyewe ni kiasi gani?

Mashine ya CT humzunguka mgonjwa ikipiga eksirei nyingi, kisha kompyuta huziunganisha. CT ya kichwa cha mtoto huwa na takriban milisiverti 2 (milisiverti ni kizio cha kupimia mionzi inayoingia mwilini). Kwa kulinganisha, kila binadamu hupata wastani wa milisiverti 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, angani, hewani na hata kwenye chakula. CT ya tumbo kwa kawaida huwa na mionzi mingi zaidi ya ile ya kichwa.

Kwa nini watoto ndio wanaohofiwa zaidi?

Seli zao zinagawanyika kwa kasi, hivyo vinasaba vyao hudhurika kirahisi vikipigwa na mionzi. Tena wana miaka mingi mbele yao, muda wa kutosha kwa saratani kujitokeza. Halafu kuna udogo wa mwili: mashine ikiachwa kwenye mipangilio ya mtu mzima, viungo vya mtoto hupokea mionzi mingi kuliko inayohitajika kupata picha nzuri. Hili ndilo linaloniuma, maana linaepukika kabisa. Kampeni ya Image Gently ilianzishwa Marekani kwa ajili hiyo hiyo, kuwahimiza wataalamu wapunguze dozi kulingana na umbo la mtoto.

Hatari ya saratani ni kubwa?

Kwa mtoto mmoja mmoja, ni ndogo. Utafiti wa EPI-CT, uliochapishwa mwaka 2023, ulifuatilia karibu watoto na vijana milioni moja katika nchi 9 za Ulaya. Ulikadiria kwamba kati ya 10,000 wanaopigwa CT leo, 1 au 2 watapata saratani ya damu kutokana na mionzi hiyo ndani ya miaka 12. Hatari hupanda kadiri dozi zinavyojumlishwa, ndiyo maana kurudia kipimo bila sababu ni kosa.

Hakuna njia nyingine?

Mara nyingi ipo. Kwa kidole tumbo, au utumbo ulioingiana, ultrasaundi ndiyo ya kuanzia, nayo haina mionzi. MRI, mashine inayopiga picha kwa sumaku, pia haina, ila huchukua muda, na mtoto mdogo huenda akahitaji dawa ya usingizi. Mtoto aliyegonga kichwa kidogo, hakuzimia, hatapiki na anacheza kama kawaida, mara nyingi hutosha kuangaliwa kwa saa kadhaa.

Nimuulize nini daktari?

Muulize: "Majibu ya kipimo hiki yatabadilisha vipi matibabu yake?" Akikujibu waziwazi, una sababu. Kisha muulize mpiga picha kama mashine imepangwa kwa umri na uzito wa mtoto. Omba nakala ya picha, uitunze; ukihamia hospitali nyingine, itoe kabla hajapelekwa tena kwenye mashine.

Akitoka humo, mionzi inabaki mwilini?

Hapana. Mashine ikizimwa, mionzi imekwisha. Mbebe, mkumbatie, mnyonyeshe kama kawaida.