Miti kwenye makazi ya wazee: tuangalie kwanza wanapita wapi

Sisi wataalamu wa miti tunaulizwa sana na wanaosimamia makazi ya wastaafu, eti tupande mti gani. Mimi huwa nasema kabla ya kutaja mti nionyesheni kwanza wazee wanapita wapi na wanapumzika wapi, maana mtu wa miaka 80 anayetembea na mkongojo akijikwaa kwenye slabu iliyonyanyuliwa na mzizi, hata sentimita 2 tu, anaweza kuvunjika nyonga, na nyonga kwa umri huo ni kitu kizito sana.

Sasa mzizi ukishanyanyua slabu wengi wanakimbilia shoka. Jamani msifanye hivyo! Mizizi mingi ya mti haiendi chini sana kama watu wanavyodhani, sehemu kubwa iko kwenye nusu mita ya juu ya udongo na inatambaa mbali kupita hata matawi yalipoishia, kwahiyo ukikata mzizi mnene karibu na shina umeunyima mti maji na umeondoa kinachoushikilia, siku ya upepo mkali unaweza kulalia paa la mtu. Afadhali muhamishe njia, muipinde izunguke mti, au mtoe slabu mweke changarawe iliyoshindiliwa vizuri hadi wilicheya ipite. Njia ni kazi ya siku chache, kivuli kama kile mtakisubiri miaka 20.

Na mti sio pambo tu, hata kuuangalia kunasaidia. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich wa Marekani alionyesha kwamba wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo, wale ambao dirisha lao liliangalia miti walitoka hospitali mapema kuliko walioangalia ukuta wa matofali, na dawa kali za maumivu walitumia chache.

Zambarau na miti mingine inayodondosha matunda laini ikae mbali na njia, yanateleza vibaya. Mikuyu na jamaa zake pia mbali, mizizi yao haina adabu.

Vichaka ndio watu wanasahau kabisa. Oleanda inapendeza lakini ina sumu kuanzia jani mpaka ua, inavuruga mapigo ya moyo, na pale kuna wazee wenye ugonjwa wa kusahau ambao wanaweza kutafuna chochote, kwahiyo mimi naomba ing'olewe. Msiichome, hata moshi wake una madhara. Mnyaa nao utomvu wake ukiingia jichoni ni balaa, pandeni asmini hapo, harufu yake hata asiyeona vizuri ataifaidi.