Radoni haitoki kwenye udongo kama gesi ya mtungi

Wengi hudhani radoni, gesi ya mionzi isiyoonekana, imejibana ndani ya punje za udongo, na kwamba punje ikipasuka tu, gesi yote humwagika kwenye maji ya ardhini. Sivyo. Radoni huzaliwa humo humo, atomi moja moja, kiini cha radiamu (metali yenye mionzi iliyomo udongoni) kinapomeguka na kurusha chembe iitwayo alfa. Atomi mpya husukumwa nyuma, kama bunduki inavyompiga mfyatuaji begani, lakini ndani ya jiwe haifiki mbali: nanomita 20 hadi 70 hivi. Milimita moja ina nanomita milioni.

Sasa piga hesabu. Punje nzima ya milimita moja, yenye radiamu iliyosambaa sawasawa, isingeachia hata atomi 2 kwa kila 10,000. Udongo halisi, hata hivyo, mara nyingi huachia kama asilimia 20! Tofauti inatokana na mahali radiamu ilipo: imeganda kwenye utando wa nje wa punje na kwenye nyufa ndogo ndogo. Ndiyo maana kusaga huongeza radoni, ila ukubwa wa punje pekee haukuambii mengi. Ufa usioonekana kwa macho waweza kuwa na athari kubwa kuliko ukubwa huo. Moto hufanya kinyume. Tofali la kuchoma lina radiamu ileile ya udongo wake, lakini tanuri limeziba vitundu, na radoni inayotoka ni kidogo.

Eti udongo mkavu ndio unaoachia zaidi? Hapana. Palipo pakavu, atomi iliyorushwa huvuka uwazi na kujichimbia kwenye punje ya jirani. Utando mwembamba wa maji huidaka njiani, nayo hubaki kwenye uwazi huo, nje ya punje.

Kuna na hili la matetemeko. Kisima kimoja huko Nishinomiya, Japani, kilionyesha radoni ya majini ikipanda zaidi ya mara kumi, kileleni siku 9 kabla ya tetemeko la Kobe la Januari 17, 1995. Miamba ikipasuka hufungua nyuso mpya, kwa hiyo maelezo yanaingia akilini. Kuligeuza kuwa kengele ya tahadhari ni jambo jingine: mvua na pampu pia hubadilisha vipimo, na matetemeko mengine huja kisima kikiwa kimya.

Na kwa wanaouliza kuhusu kuchemsha maji ya kisima yenye radoni: radoni hutoka na mvuke, basi fungua dirisha. Radiamu hubaki sufuriani.