Wacherokee na nguzo ambazo si zao

Ukimtajia mtu mchongaji wa Kicherokee, yaani wa taifa moja la wenyeji asili wa Marekani, wengi huwaza gogo refu lenye sura za tai na kunguru zilizopandana, zimepakwa rangi kali. Sivyo. Nguzo zile ni za mataifa ya pwani ya Pasifiki, kama Wahaida na Watlingit. Wacherokee asili yao ni milima ya kusini-mashariki ya Marekani, upande wa pili wa bara. Utalii ndio uliochanganya mambo: mgeni alitaka "Mhindi Mwekundu" wa sinema, na wenye maduka wakamsimamishia nguzo mlangoni.

Wacherokee huchonga vinyago vya ngoma, viko vya kuvutia tumbaku na wanyama wa msituni.

Amanda Crowe, Mcherokee aliyezaliwa 1928 jimbo la North Carolina, alikuwa bingwa wa kuchonga dubu. Dubu wake hana manyoya yaliyochorwa moja moja. Ana umbo laini, mgongo wa mviringo, na mistari ya mti wa jozi au cheri imeachwa ionekane. Wapo wanaodhani ustadi huo hurithiwa kwa damu tu. Kweli, mjomba wake Goingback Chiltoskey naye alikuwa mchongaji hodari, lakini Crowe alisomea sanaa Chicago, kisha Mexico kwa mchongaji José de Creeft. Mwaka 1953 alirudi kwao kufundisha uchongaji shule ya sekondari, akadumu hapo karibu miaka 40. Wanafunzi wake walipita 2,000, na dubu wengi wanaouzwa huko leo wanafuata mtindo wake.