Maana ya 215/70R16 kwa gari ya mjini na shamba

Ubavuni mwa kila mpira wa gari kuna maandishi kama haya: 215/70R16 100H. Wengi wetu tukifika dukani tunataja moja tu kati ya hizo: "Nipe kumi na sita." Muuzaji anateremsha kumi na sita yoyote aliyonayo, tunalipa, tunaondoka. Lakini kumi na sita ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ukubwa wa tairi yenyewe bado hujautaja.

215 ni upana wa tairi kwa milimita, kutoka ubavu huu hadi ubavu ule. R inaeleza namna nyuzi za ndani zilivyolazwa, na tairi za gari ndogo za siku hizi karibu zote zina R hiyo hiyo, basi ipite. 100 ni alama ya uzito: tairi moja inabeba hadi kilo 800. H ni alama ya kasi, kilomita 210 kwa saa, na Pemba nzima haina pa kuikimbizia.

Imebaki 70, na kwa mtu ambaye gari yake asubuhi inakwenda kazini Chake na Jumamosi inakwenda shamba, hii ndiyo namba ya kuangalia mwanzo. Si milimita. Ni asilimia: kimo cha ubavu ukikilinganisha na upana. Asilimia 70 ya 215 ni 150.5. Yaani kutoka ukingo wa rimu hadi pale mpira unapokanyaga chini kuna milimita 150 na nusu za mpira na upepo, na huo ndio mto wa gari yako.

Tuchukue RAV4 ya kizazi cha tatu. Kiwandani ilitoka na saizi tatu kwa kutegemea toleo: 215/70R16, 225/65R17 na 235/55R18. Piga hesabu, ubavu mara mbili ujumlishe rimu (inchi moja ni milimita 25.4), utapata vipenyo vya milimita 707, 724 na 716. Ukizisimamisha ukutani zinakaribiana kimo. Ila ubavu ni 150, 146 na 129. Ya kumi na nane inapendeza, haina ubishi, rimu inajaa na kung'aa. Lakini karibu inchi nzima ya mto imeondoka, ikawekwa chuma mahala pake.

Mimi nilijifunza hesabu hii kwa jiwe. Gari niliinunua na kumi na nane zake, na barabara ya Chake hadi Wete nikaiona tamu kweli: haiyumbi kwenye kona, usukani unaitika upesi. Kisha nikapelekwa na haja zangu upande wa Micheweni, kwa shemeji anayelima mwani. Ukiiacha lami kule unakanyaga matumbawe makavu, yana ncha kama meno ya papa. Sikuwa na mwendo. Nilisikia "tap," kama mtu kapiga kofi, gari ikalala upande. Jiwe lilikuwa limeubana ubavu baina yake na ukingo wa rimu, likauchana kiasi cha pingili ya kidole.

Fundi wa pancha alipabonyeza kwa dole gumba, akatia mate, akatazama povu.

"Hapazibiki hapa, sheikh."

"Hata kwa kiraka cha ndani?"

"Pancha ya chini nitakuzibia hata leo usiku. Ubavu unakunjuka kila tairi ikizunguka, kiraka hakikai. Nikikuzibia nitakuwa nimekudanganya."

Alisema kweli. Nilirudi kwenye rimu za 16 na sijajuta. Kabla hujafanya hivyo, hakikisha rimu ndogo inapita juu ya breki za gari yako. Baadhi ya matoleo breki zake kubwa, haziingii.

Sasa kuna ndugu zetu wanaoamini kuwa gari ya shamba dawa yake ni tairi kubwa. Tuone ukubwa unakupa nini. Ukitoka 215/70R16 ukaenda 235/70R16, kipenyo kinapanda kutoka 707 hadi 735. Hizo ni milimita 28, lakini tumbo la gari linanyanyuka nusu yake tu, 14, kwa sababu nusu ya pili imekwenda juu ya ekseli. Unene wa kidole kimoja. Unalipa nini? Mzunguko umeongezeka asilimia 4, basi mita ikikuonesha 80 wewe unakwenda 83. Gia zote zimekuwa ndefu, gari inakuwa nzito kuondoka kwenye kilima, na Pemba ya magharibi ni vilima mtindo mmoja. Mafuta yanapanda. Ukikata usukani hadi mwisho huku umepakia, mpira unaweza kukwaruza plastiki za ndani ya madigadi. Kwa maoni yangu 225/70R16 ni mwisho: kipenyo 721, ongezeko la asilimia 2, na ubavu wa milimita 157.

Upana nao una mambo yake. Kwenye mchanga mkavu tairi pana inaelea vizuri zaidi. Kwenye tope la masika njia ya mikarafuuni, tope jembamba la juu na udongo mgumu chini, tairi nyembamba inapenya ikashika, ile pana inateleza juu kama mtu aliyevaa kandambili. Na kwenye lami yenye maji yaliyotuama, tairi pana ndiyo inayowahi kupanda juu ya maji. Kwa hiyo sioni sababu ya kutafuta upana. Mchanga unatibika kwa upepo: shusha kutoka psi 30 hadi 20, tairi inalala na kukanyaga kwa urefu. Ubavu mrefu unavumilia kushushwa hivyo, ule mfupi rimu itagonga. Ukifika lami ujaze kabla hujaongeza mwendo, maana tairi laini ikikimbizwa inapata moto hadi ipasuke.

Meno makubwa ya tope waachie wanaoishi topeni. Mjini yanavuma kama nyuki na kwenye lami iliyorowa breki zinachelewa kushika. Meno ya wastani, yenye alama A/T, yanatosha.

La mwisho ni kwa wanunuzi wa mitumba, nami nimo. Tafuta tarakimu nne ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira uliozeeka huwa mgumu hata kama meno yake yote yapo. Na gari ikiwa ni 4WD usichanganye saizi. Tairi yenye kipenyo kidogo inazunguka mara nyingi zaidi ya wenzake, na mfumo unaogawa nguvu mbele na nyuma unavutana nayo safari nzima hadi uungue. Bei yake itakufanya uzione tairi nne mpya kuwa za bure. Nilipouza zile kumi na nane nilisahau tairi ya spea. Ilikaa nyuma ya gari miezi mitatu, 235/55R18, ikisubiri siku ya pancha.