Hiplife: rap ya Ghana na mtu aliyeipa sura

Hiplife ni rap ya Ghana iliyoshika kasi katikati ya miaka ya 1990. Mdundo ni wa hip hop, magitaa na tarumbeta ni za highlife, dansi la Waghana tangu enzi za Mwingereza, na anayechana anachana kwa lugha za Ghana kama Kitwi na Kiga, au kwa pijini, Kiingereza cha mtaani.

Jina lisiloachana na muziki huu ni Reggie Rockstone. Alizaliwa Uingereza mwaka 1964, mtoto wa mbunifu wa mavazi Ricky Ossei, akakulia Ghana na kusoma Achimota, sekondari yenye jina mjini Accra. Baadaye alikwenda London, akachana kwa Kiingereza na kundi la PLZ. Mwaka 1994 alikuja Ghana kwa tamasha la Panafest, akabaki.

Vijana wa Accra walikuwa wanachana tayari, lakini wengi wao kwa Kiingereza cha kuiga Wamarekani. Kitwi kilikuwa cha nyumbani na sokoni. Aliyewageuza ni huyu wa kutoka London, na kwa maoni yangu ndiyo sababu alifaulu: nani angethubutu kusema anachana Kitwi kwa kuwa Kiingereza kimemshinda? Albamu yake ya Makaa Maka ikatoka 1997.

Ukitaka kuielewa hiplife kwa haraka, sikiliza wimbo wake wa Keep Your Eyes on the Road. Chini ya sauti yake kuna kipande cha Kyenkyen Bi Adi M'awu, highlife ya Alhaji K. Frimpong ya miaka ya 1970, kinajirudia huku Rockstone akipita juu yake bila haraka. Mzee akiusikia redioni anaujua wimbo wa ujana wake. Mwanawe anaona ni ngoma mpya.

Kwa nini wakati ule? Baada ya mwanajeshi Jerry Rawlings kupindua serikali ya Ghana Desemba 31, 1981, amri ya kutotoka nje usiku ilidumu zaidi ya miaka miwili. Bendi za dansi huishi kwa usiku, basi zikafa. Wanamuziki wakatimkia Nigeria na Ujerumani, wengine wakahamia makanisani. Kizazi kilichofuata kilikuta bendi chache, na kuchana hakudai bendi: kompyuta na maiki vinatosha. Kisha zikaja redio binafsi, Joy FM ikianza 1995, nazo zilihitaji nyimbo za kujaza saa zao.

Ubishi upo juu ya nani alianza. Gyedu-Blay Ambolley, mwanamuziki wa highlife, husema yeye alichana mapema, katika Simigwa-Do ya 1973, na ukiisikiliza huwezi kumpuuza. Lakini hakufuatwa na kundi la vijana kama Rockstone, anayeitwa babu wa hiplife hadi leo.

Waliofuata ni wengi. Obrafour alitoa Pae Mu Ka mwaka 1999, kwa Kitwi kizito cha methali ambacho hata wazee walikisifu. Kundi la VIP lilitokea Nima, mtaa wa watu wa kipato cha chini jijini Accra. Rockstone alijiunga nalo 2013, jina likawa VVIP. Sarkodie wa Tema, mwenye kasi ya ajabu, alipata tuzo ya BET ya Marekani mwaka 2012. Rockstone mwenyewe ameingia pia kwenye biashara ya waakye, wali wa kunde unaopikwa na majani ya mtama.

Vijana wa leo hawajiiti wana hiplife. Wale wa Kumasi waliovuma mwaka 2020 wanaiita yao asakaa, na mdundo wameuchukua kwenye drill, aina ya rap ya mitaa ya Chicago na London. Wanachana kwa Kitwi.