Video imesambaa, na nywila anayo mpenzi

Chukua kijana wa miaka 16 aliyetoka Ukerewe kuja kusoma Mwanza. Anakaa Igoma kwa mama yake mdogo, na darasani wanamwita "wa kisiwani" kwa sababu ya lafudhi. Ijumaa anajirekodi akiimba kwa sekunde 40. Jumatatu sauti yake inasikika kwenye simu za wauza dagaa Mwaloni Kirumba. Wiki hiyohiyo binti anamwandikia, "Umekula?"

Wazazi wakinijia kwa ushauri, huanza na huyo binti. Mimi huanza na nywila: anayo nani?

Vijana wa sasa huonyeshana mapenzi kwa kupeana nywila. Kama hujulikani, hasara yake ni ugomvi wa meseji tu. Akaunti ikishakuwa na wafuasi laki moja, hiyo ni mali, na siku ya kuachana kuna mtu mwenye hasira anayeweza kuingia, kubadilisha kila kitu na kuandika atakacho kwa jina lako.

Kwa hiyo anza na barua pepe, kabla hata ya TikTok au Instagram. Anayeshika barua pepe ndiye anayeweza kuomba nywila mpya za kwingine kote. Badilisha nywila yake, kisha fungua sehemu ya usalama uangalie orodha ya vifaa vilivyoingia, usichokitambua, kitoe. Halafu washa uthibitisho wa hatua mbili, yaani baada ya nywila inaombwa na namba ya siri ya muda mfupi, na namba hiyo ipate kwenye programu maalumu ya simu badala ya SMS. Sababu ni laini. Kijana wa chini ya miaka 18 mara nyingi anatumia laini iliyosajiliwa kwa alama za vidole za mtu mwingine: mjomba, kaka wa jirani, pengine wakala aliyekuwa na haraka. Mwenye alama hizo akienda dukani kuirudisha laini, SMS zote zinamfuata yeye. Piga *106# uone usajili ukoje. Google hutoa namba 10 za akiba za kuingilia akaunti simu ikipotea. Ziandike kwenye karatasi, akae nazo mama mdogo. Mpenzi asikae nazo, hata awe mwema namna gani.

Sasa huo umaarufu wenyewe. Kwa mtoto aliyezoea kukaa pembeni una sumu yake: lafudhi iliyomfanya achekwe ndiyo iliyoisambaza video. Nusu ya watu wanampenda, nusu wanamcheka, na yeye hawezi kuwatenganisha, hasa saa saba usiku. Maoni yasomwe mchana, dakika 20, akiwa na mtu mzima pembeni. Simu ilale sebuleni kuanzia saa tatu usiku. Umri huo unahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10, na asiyelala hujibu matusi kwa matusi. Na aambiwe mapema, kabla hayajatokea: namba zitashuka. Asiyeambiwa hudhani amekosea, akatafuta kiki ya aibu ili azirudishe. Hapo ndipo wengi huharibikiwa.

Kuhusu mapenzi, sioni faida ya kuyapiga marufuku. Yatahamia gizani tu. Kipimo changu ni kidogo: je, huyo mpenzi yuko tayari kukutana mchana, simu zikiwa mfukoni, bila picha hata moja? Anayempenda kijana atakaa kwa mama lishe ale wali samaki, arudi nyumbani. Anayependa wafuasi atachoka mapema. Kama walikuwa pamoja kabla ya video, tatizo linageuka: huyo binti hakuomba kujulikana, basi asirekodiwe kabisa. Picha ya Jiwe la Bismarck iwekwe mkishaondoka, maana kila mtu Mwanza anajua mlipo. Nembo ya sare ya shule ifichwe.

Sheria isemwe wazi. Mtu wa chini ya miaka 18 ni mtoto kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, na ridhaa ya binti wa umri huo katika ngono haihesabiki mahakamani. Anayempa mimba mwanafunzi anaweza kufungwa miaka 30. Picha za utupu za mtoto, hata alizojipiga mwenyewe, kuzisambaza ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015.

Akitishiwa kwa picha hizo: msilipe, msifute mazungumzo. Pigeni skrinishoti za vitisho zenye namba na tarehe, ila picha yenyewe msimtumie mtu yeyote, hata shangazi "aone". Nendeni Dawati la Jinsia na Watoto polisi, au pigeni 116, namba ya msaada kwa watoto, ni bure. Huduma ya Take It Down nayo husaidia kuzuia picha ya aliye chini ya miaka 18 kwenye mitandao kama TikTok na Instagram, bila picha kutoka kwenye simu.

Mialiko ya shoo sina mengi: asaini mzazi, nusu ya malipo mkononi kabla, na karatasi iseme wazi video itatumika kwa muda gani.

Wakiachana, siku hiyo asiende laivu. Mama mdogo asianze na "nilikuambia". Aseme tu, "Mwanangu, simu niachie mpaka kesho, njoo tule." Akitamka kutaka kufa, asiachwe peke yake hata chooni, apelekwe hospitali usiku huohuo, Bugando wana idara ya afya ya akili. Kesho yake abadilishe nywila zote. Video walizopiga pamoja asizifute kwa hasira, aziweke zionekane kwake tu. Akizifuta, wambea watauliza. Na baada ya mwezi yeye mwenyewe huzitafuta.