Acheni kumvunjia samaki nyumba ili mumuone

Jamani nshachoka na hili neno. "Ondoa mawe tangini, ondoa mimea, samaki akikosa pa kujificha atatoka mwenyewe." Nalisikia kila kukicha, majumbani, mahotelini, mpaka kwa wanaouza samaki wenyewe, na kila nikilisikia najua kuna tangi mahali fulani hapa Malindi lina samaki waliojibana nyuma ya filta roho mkononi, na mwenyewe anashangaa mbona hela aliyotoa haioni ikiogelea.

Samaki anatoka akishajua pa kukimbilia pako karibu. Kama hamniamini ngojeni bahari itulie mwende hapo Marine Park, hifadhi yetu ya bahari, ile iliyohifadhiwa tangu 1968, mvae miwani mtazame vile vijisamaki vyeupe vyenye mistari mitatu myeusi vinavyokaa juu ya matumbawe ya matawi. Vinaelea nje kabisa, vinadonoa vidudu vinavyopita na maji. Kivuli cha mkono wako kikiviangukia vyote vinazama kwenye matawi kwa mpigo mmoja. Tulia. Kinatoka kimoja kinachungulia, cha pili, cha tatu, halafu kundi zima liko nje linaendelea kula. Sasa huko pembeni kwenye mchanga mtupu hukuti hata kimoja, na kwa hesabu za watu wetu huko ndiko vingeonekana zaidi!

Ukimnyang'anya maficho hapati ujasiri, anapata presha. Mtazame neoni tetra, kile kisamaki kidogo cha Amazon, kwenye tangi tupu: ule mstari wa buluu unafifia, wekundu unakwisha, mashavu yanapiga haraka haraka, mapezi ameyabana, kasimama kona moja hasogei. Na hapo mtu ananiambia "si unaona, sasa anaonekana." Anaonekana ndio, lakini huyo ni samaki anayesubiri kuliwa. Akikaa hivyo kinga ya mwili inashuka, na ugonjwa wa vidoa vyeupe ukiingia tangini yeye ndiye wa kwanza kwenda.

Haraka haraka kabla sijaendelea: pimeni maji kwanza. Amonia na nitraiti, sumu zinazotokana na uchafu wa samaki, ziwe sufuri, maana samaki anayeungua mashavu pia hujificha na hapo mapambo hayamsaidii kitu. Aliyefika juzi mpeni wiki mbili bila kugongagonga kioo. Na pleko, yule kambare anayeganda kwenye kioo, ni wa usiku, msimlaumu mchana.

Haya, maficho yenyewe, maana hapa ndipo watu wananiudhi hata wale walionikubalia. Mtu ananunua kipango kimoja cha plastiki, anakiweka katikati, siku tatu baadaye ananipigia simu eti nimemdanganya. Pango moja kwa samaki sita? Mkubwa wao amelichukua siku ya kwanza, anakaa mlangoni anafukuza wenzake, sasa umeongeza ugomvi juu ya woga. Mapango yazidi idadi ya wanaoyahitaji, yawe na matundu mawili kila moja ili anayefukuzwa atokee upande wa pili, na yasambazwe tangi zima mpaka mbele karibu na kioo. Hilo la mbele watu hawalitaki kabisa, wanarundika kila kitu ukuta wa nyuma halafu wanalalamika samaki wako nyuma, kwani ulitaka wawe wapi? Samaki anavuka uwazi akiona kituo kinachofuata hakiko mbali. Weka maficho mbele, kulia na kushoto, uone atakavyoanza kupita katikati.

Wala si lazima kununua. Vifuu vya nazi tunavyo. Toa makumbi na nazi yote, chemsha mara kadhaa mpaka maji yasitoe tena rangi wala mafuta, toboa mlango, kifudikize chini. Jike la kribensi, yule wa kule Nigeria na Kameruni mwenye tumbo la waridi, nimemtazama akihamia kwenye kifuu: kwanza pua peke yake, kisha jicho, anarudi ndani, anatoka mpaka mabegani, anarudi tena, na akishahakikisha njia ya kurudi anazunguka tangi zima kama lake. Ila mawe ya matumbawe ya ufukweni msiniletee. Kwanza hayachukuliwi ovyo, pili yanatoa chokaa, na maji ya visima vyetu tayari ni magumu, yaani yana chokaa nyingi, tetra wa Amazon utamuongezea tabu nyingine.

Juu nako kuna mambo. Adui wa samaki mdogo mara nyingi anatokea juu, kwa hivyo taa kali bila kivuli ni tishio mchana kutwa. Weka mimea ya kuelea, funika nusu ya uso wa maji, na ukipogoa usimwage mabaki mto Sabaki wala kwenye mtaro. Bandika karatasi nyeusi nyuma na ubavuni. Na majani ya mti wa mkungu! Wenzetu ng'ambo wanayanunua kwa paketi, sisi tunayafagia tunayachoma. Okota yaliyokauka na kuanguka yenyewe, mbali na barabara na dawa za wadudu, osha, tia mawili matatu. Maji yanakuwa na rangi ya chai nyepesi, mwanga unalainika, na samaki wa mito yenye maji meusi wanatulia. Asubuhi washa taa ya chumba kwanza, ya tangi baadaye, samaki hawa hawana kope za kufumba.

Halafu kampani. Tetra na koridora, vile vikambare vidogo vya chini, ni wa kundi, sita kwenda juu. Wawili hawatakaa wachangamke hata uwajengee ikulu. Samaki mwoga wa chini humsaidia kuona wenzake wadogo wanaogelea juu bila wasiwasi, kwake hiyo ni ishara hakuna hatari. Kwa maji yetu magumu gapi na moli wanafaa kazi hiyo, mradi mwoga wako naye anavumilia maji hayo, na msiwachanganye na samaki mkubwa atakayewameza.

Na hapa niseme ambalo vitabu hulipita kimya. Unaweza kufanya yote haya na bado kuna samaki mmoja hatoki, wenzake wa tumbo moja wanakula mkononi yeye humuoni. Nimewaona wengi wa hivyo. Tabia zao zinatofautiana na nyingine hazibadiliki, na hata hao wa juu wakiwepo, sina hakika kila mara kama mwoga ametulia au ametoka kwa sababu chakula kinaisha. Pengine yote mawili. Huyo asiyetoka msimtoe kwa mti wala msimlaze njaa. Zimeni taa, mtupieni chakula cha kuzama karibu na mlango wake, saa ile ile kila jioni, sehemu ile ile. Akinenepa, anakula, hata kama hujamuona.